Miguu ya Hadhira: Mchujo wa Nyimbo Katika Njia ya Misafara na Ndani ya Kompyuta

Msimu wa mavuno ukishapita, Usukumani na katika vijiji vya kaskazini mwa Unyamwezi, vikundi viwili vya ngoma hupewa uwanja mmoja na saa ileile. Huku Bagika, kule Bagalu. Wanaanza pamoja, midundo inagongana hewani, na aliyekuja kutazama anabaki katikati akiwa na kazi moja tu, kuamua aende upande gani. Kwa desturi hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Kikundi kilichozungukwa na umati mkubwa ndicho kilichoshinda, basi. Manju akianza kuona migongo ya watu badala ya nyuso, hana muda wa kununa. Anabadili wimbo. Anamtoa chatu kapuni, au anaagiza lile sanamu la mti lenye viungo vinavyotikisika linyanyuliwe juu ya vichwa, au anamrushia manju mwenzake ubeti wa kejeli alioutunga mapema kwa ajili ya saa kama hii. Watu wanarudi mbio. Baada ya muda kidogo umati unamiminika tena upande wa pili.

Kinachopimwa hapo ni miguu. Mwaka 2000 msanii mmoja wa Australia alijenga kazi ya sanaa inayopima kitu kilekile, ingawa sina sababu ya kudhani kuwa aliwahi kusikia habari za Bagika.

Msanii huyo ni Jon McCormack wa Chuo Kikuu cha Monash, na kazi yake aliiita Eden. Ukiingia ukumbini unakuta giza, na katikati yake skrini mbili zinazopitisha mwanga zimekatizana kama herufi X. Juu ya skrini hizo kuna dunia ndogo iliyochorwa na kompyuta: mawe, chakula kinachoota kama majani, na viumbe. Viumbe hao wanakula, wanagongana, wanazaana, wanakufa, na kila mmoja ana uwezo wa kutoa sauti na kusikia sauti za wenzake. Hakuna aliyewafundisha sauti ni ya nini. Wanaanza kwa tabia za kubahatisha. Tabia iliyomsaidia kiumbe kuishi inarithiwa na watoto wake, pamoja na kasoro ndogondogo zinazoingia kwa nasibu wakati wa kurithi. Vizazi vikipita, baadhi wanajikuta wanaitana penye chakula, wengine wanatafuta mwenza kwa mlio. Anayesimama ukumbini anasikia sauti zinazobadilika bila mtunzi kuzigusa.

Utamu wa kazi hiyo uko kwenye vihisi vilivyouzunguka ukumbi, vinavyotambua watu walipo. Mtu akisimama mahali kwa muda, chakula cha viumbe wa upande huo kinaota kwa wingi. Watu wakichoka na kuondoka, chakula kinapungua. Viumbe hawajui kuwa duniani kuna binadamu. Wanachokijua ni njaa na shibe. Lakini kwa kuwa shibe inaletwa na wageni, sauti zinazowafanya wageni wasiondoke ndizo zinazopata nafasi ya kurithiwa. McCormack hakuandika popote ndani ya programu yake kwamba sauti fulani ni nzuri na nyingine mbaya. Hiyo kazi aliwaachia watu wanaozungukazunguka gizani, na wao hawakuambiwa kuwa wanaifanya.

Wahandisi wengine wamehangaika sana na swali hilohilo: nani aseme kuwa sauti ni nzuri? Njia yao yenyewe ni rahisi kuieleza. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan aliiweka katika kitabu mwaka 1975, na tangu hapo haijabadilika sana kimsingi. Unazalisha majibu mia moja ya kubahatisha, unayapima, unayatupa yaliyo dhaifu, unayapandanisha yaliyosalia ili yapate watoto, unaingiza kasoro kidogo, kisha unarudia tena na tena. Ukitafuta umbo la bawa la ndege, kipimo ni hesabu, na kompyuta inapima maelfu kabla chai haijapoa. Ukitafuta muziki, kipimo ni sikio. Sikio halina haraka, na linachoka.

Al Biles, mpiga tarumbeta na mwalimu wa kompyuta huko Rochester, jimbo la New York, alikutana na ukuta huo uso kwa uso. Mwaka 1994 alitangaza programu yake ya jazi, GenJam, inayobuni vipande vya kupiga peke yake juu ya wimbo. Mwalimu wa programu hiyo hukaa mbele ya kompyuta akisikiliza, akibonyeza g akipendezwa na b akichukia. Tatizo ni kwamba kipande cha muziki hakisikilizwi kwa kasi kuliko kinavyopigwa. Kizazi kimoja kinamaliza jioni nzima, na kufikia kizazi cha kumi mwalimu ameshasahau alipenda nini katika kizazi cha pili. Mwaka 2001 Biles alileta dawa yake: aliondoa upimaji wenyewe. Alianza na vipande vilivyokwisha kuwa vizuri, vilivyokusanywa kutoka kwa wapigaji wa jazi, na kuviacha vizaane bila kuchujwa. GenJam ikawa inapiga vizuri jukwaani pamoja naye. Mimi naona kuwa aliyekuwa akichuja alihamia tu mahali pengine. Mchujo ulifanywa zamani, na wale wapigaji na hadhira zao, miongo mingi kabla Biles hajakaa mbele ya kompyuta.

Sasa rudi uwanjani. Mashindano ya Bagika na Bagalu hayana tatizo la Biles, kwa sababu sikio haliko moja. Watu mia tano wanasikiliza pande mbili kwa wakati mmoja, kila mtu anachoka kwa wakati wake, na uchovu wa mmoja unafidiwa na hamu ya aliyefika sasa hivi. Hakuna anayeulizwa anapenda nini. Mtu anaweza kusema anapenda nyimbo za mababu huku miguu yake imemfikisha kwenye kundi la vijana wenye chatu, na miguu haidanganyi kama mdomo. Alama zinahesabiwa hapohapo, mbele ya mshindani, na zinabadilika kila dakika. Waliobuni Eden na waliobuni mashindano haya wamefika kwenye wazo moja wakitokea pande mbili za dunia: hadhira si hakimu anayekaa nje ya kazi. Hadhira ni mazingira, kama mvua ilivyo kwa mtama.

Tofauti ziko, na ndizo zinazonivutia zaidi. Wasimulizi wanazifuata jumuiya hizi mbili hadi kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waganga waliojigamba kila mmoja kuwa dawa yake ya mvuto inaishinda ya mwenzake. Hadi leo dawa ni sehemu ya ngoma. Manju anajua kuwa anachujwa, anajua anayemchuja, na anamjua mpinzani wake kwa jina, kwa ukoo, na kwa deni alilokopa na hajalipa. Kiumbe wa Eden hana habari hizo. Anaimba kwa sababu babu yake aliyeimba hivyo alishiba. Kwa hiyo kasoro zinazoingia katika wimbo wa Eden ni za nasibu, na zile zinazoingia katika wimbo wa manju zimelengwa kama mkuki. Watu wa sayansi ya mageuko wangesema manju anadanganya kwenye mchezo. Ni kweli, na ndiyo maana wimbo wake unageuka ndani ya alasiri moja kwa kiasi ambacho kompyuta inahitaji vizazi mia.

Wimbo huo haukuzaliwa uwanjani. Ili kuelewa kwa nini umekaa ulivyokaa, inabidi kurudi nyuma hadi barabarani.

Tarehe 7 Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mji wa wafanyabiashara katika Unyanyembe, mahali panapoitwa Tabora leo. Walikuwa wametembea siku 134 tangu pwani, maili 600 hivi. Maelezo ya Burton kuhusu msafara ulivyopangwa njiani nayasoma kama maelezo ya chombo kikubwa cha muziki. Mbele anatangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa manyoya, ameshika bendera nyekundu, na mtu akimtangulia anatozwa faini. Nyuma yake mpagazi mmoja anapiga ngoma ndogo iliyobanwa kiunoni. Kisha wapagazi wa pembe za ndovu, na kwenye ncha ya pembe inayotazama mbele imefungwa kengele kubwa ya ng'ombe. Kisha wabeba nguo, shanga na nyaya, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Wengine wamevaa njuga miguuni. Mahali fulani katikati kuna baragumu la pembe ya tandala.

Hebu fikiria kwa nini kelele zote hizo. Njia ya msafara ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, mstari mwembamba kati ya nyasi zilizompita mtu kimo, au katika miombo ya Mgunda Mkali, pori lile la kuogofya kati ya Ugogo na Unyamwezi. Mstari wa watu mia tatu ulikuwa mrefu kuliko jicho. Wa nyuma hakumwona wa mbele hata siku moja. Kilichouunganisha msafara ni sauti. Kengele ya pembe ilisema kichwa kiko wapi; ngoma ikinyamaza, watu walijua kuna jambo; baragumu lilikipasha habari kijiji kuwa wanaokuja ni wafanyabiashara na si wavamizi, kwa sababu mvamizi haji akipiga baragumu. Na wimbo ulisema kuwa mtu bado yuko, hajalala chini ya mti na mzigo wa tajiri.

Katika mazingira hayo si kila wimbo uliweza kuishi. Mpandishi alitamka mstari mmoja, wengine wakaitikia, na itikio lilibidi liingie katika pumzi ya mtu mwenye kilo 30 begani. Lilibidi lianguke pamoja na mguu. Lilibidi pia liwe rahisi kiasi kwamba mpagazi mpya aliyejiunga jana aweze kulidaka leo asubuhi, maana watu walibadilika njiani. Wengine walitoroka, wengine waliugua, wengine walikodiwa kituoni. Itikio gumu halikuhitaji mtu wa kulipiga marufuku. Lilikufa lenyewe siku ya kwanza, kwenye kilima cha kwanza. Stephen Rockel, aliyeandika historia ya wapagazi hawa mwaka 2006, anaonyesha kuwa wengi wa Wanyamwezi waliokuwa njiani walikuwa vibarua huru wenye ujuzi na fahari ya kazi yao, na ni fahari hiyo iliyofanya wimbo uwe wa majigambo: nani amefika pwani, nani bado ni mtoto wa nyumbani. Ni vema kukumbuka kuwa njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Sauti zao wasafiri hawakuziandika kwa bidii ileile.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mazingira yaliyozizaa nyimbo hizo yakafutika. Kwa mantiki ya kompyuta, hapo ndipo nyimbo zilipaswa kufutika nazo. Hazikufutika. Frank Gunderson, aliyekusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma katika kitabu chake cha mwaka 2010, anazifuata zikihama kutoka kazi moja hadi nyingine: kutoka kwa wawindaji wa ndovu na jumuiya za wacheza nyoka kwenda kwa wapagazi, kutoka kwa wapagazi kwenda kwa wakulima waliolimiana mashamba kwa zamu, pamba ikiwa imeshaingia. Ukitazama ngoma ya bugobogobo leo unaona urithi huo kwa macho. Ngoma kubwa inatoa hatua, mstari wa watu unainua majembe kwa pamoja, majembe yanarushwa, yanazunguka hewani, yanadakwa kwa mpini, yanashuka ardhini kwa mdundo mmoja. Itikio lililopimwa kwa mguu wa mpagazi sasa linapimwa kwa mkono wa mlimaji. Mzigo umebadilika lakini pumzi ni ileile, na wimbo unaotosha pumzi hiyo haukuwa na sababu ya kufa.

Hapa panahitaji kulinganishwa na jaribio moja kubwa lililofanywa Ulaya kwa njia hii. Mwaka 2012 Bob MacCallum, Armand Leroi na wenzao wa Imperial College London walitangaza matokeo ya DarwinTunes. Walianza na vipande vya sauti vya sekunde nane vilivyotengenezwa kwa kubahatisha, kelele tupu, wakaviweka kwenye intaneti na kuwaalika watu wavipe alama. Vyenye alama nzuri vilizaana, vibaya viliondolewa. Karibu watu 7,000 walishiriki, vizazi vikapita 2,500. Na kweli, muziki ulitokea. Kelele iligeuka kuwa mdundo, mdundo ukapata sauti zinazopatana, bila mtunzi hata mmoja. Ila baada ya mamia machache ya vizazi maendeleo yalisimama. Watafiti walipochunguza waliona kuwa kipande kikishakuwa kizuri na chenye mambo mengi ndani yake, kinavunjika kinaporithiwa. Mtoto hafanani na mzazi vya kutosha. Kinachopendeza hakifiki kizazi cha pili.

Mapokeo ya njia ya misafara yalilitatua jambo hilo bila kulijua kwa jina. Katika wimbo wa kupokezana kuna urithi wa kasi mbili. Itikio linashikwa na watu mia, na watu mia hawabadiliki ovyo. Mmoja akikosea, tisini na tisa wanamrudisha kwenye mstari. Sauti ya mpandishi iko mikononi mwa mtu mmoja, na huyo yuko huru kubadili maneno kila siku: jina la kijiji kinachofuata, ubahili wa tajiri, uzuri wa binti aliyemwona kisimani. Sehemu moja inarithiwa kwa uaminifu mkubwa, sehemu nyingine inakimbia. Kwa kuwa iliyo imara inaibeba inayobadilika, wimbo unaweza kupokea mambo mapya kila leo na bado ukawa wimbo uleule ambao bibi anaudaka bila kufundishwa. DarwinTunes iliacha kila kitu kibadilike kwa kasi moja, tena ndani ya kipande cha sekunde nane. Ningependa kuona jaribio lile likirudiwa huku nusu ya kipande ikilindwa na umati.

Jambo la pili ambalo DarwinTunes ilikosa ni upande wa pili. Watu 7,000 walikuwa hadhira moja inayochagua kutoka kundi moja, na hadhira moja ina kawaida ya kukubaliana. Uwanja wa Bagika na Bagalu unawagawanya watu walewale pande mbili kila mwaka. Kikundi hakiulizwi kama ni kizuri. Kinaulizwa kama kinavuta kuliko kile cha pili, leo, hapa. Kwa hiyo kuiga mpinzani hakulipi kwa muda mrefu, maana atakayetaka chatu ataenda kwa wenye chatu wa asili. Inalipa kuwa tofauti. Ndiyo sababu, naamini, jozi za namna hii zimedumu sana katika nchi hii. Ngoma ya beni ya pwani ilikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, na Terence Ranger ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi jozi hiyo ilivyoenea bara pamoja na askari na makarani. Dar es Salaam wana bendi za Msondo na Sikinde. Tabora yenyewe, mji ambao mtu asiyejua muziki angeuona mdogo, iliwatoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na hao wa mwisho walijitenga na wengine kwa mtindo wao, Segere Matata. Bendi bila mtindo ilikuwa bendi bila uso. Gitaa, tarumbeta na tumba zilikuwa zilezile kila ukumbi. Kilichotafutwa ni njia ya kutofanana na jirani.

Katika kazi nyingi za kompyuta, anayeshindwa anafutwa. Mwaka 1997 Karl Sims aliweka jijini Tokyo kazi iliyoitwa Galápagos, skrini kumi na mbili zenye maumbo yanayocheza, na mbele ya kila skrini pedi ya kukanyagia. Ulisimama mbele ya umbo ulilolipenda. Yaliyosimamiwa na watu yalizaana, na yale mengine yalitoweka, nafasi zao zikachukuliwa na watoto wa washindi. Haikuwa kazi ya sauti, lakini nayo ilichuja kwa miguu, na ilikuwa na ukatili wa aina yake. Umbo lisilo na bahati ya mgeni wa asubuhi halikupata jioni. Uwanjani kwetu, kikundi kilichoshindwa kinarudi nyumbani na ngoma zake, nyimbo zake na hasira zake, na mwakani kinarudi. Wimbo uliozomewa mwaka huu unalala katika kumbukumbu ya watu thelathini na unaweza kuamka miaka kumi baadaye ukakuta hali imebadilika na sasa unafaa. Watu wa hifadhi ya mbegu wangeelewa thamani ya ghala kama hilo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, mashindano ya Bulabo bado yanakutanisha pande hizi mbili, na wengi wa wanaocheza ni watoto wa watu walioshindwa mara nyingi.

Redio ilileta mchujo wa namna nyingine. Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo kutoka Tabora walijulikana nchi nzima kupitia Redio Tanzania, ngoma ya Kinyamwezi ikaingia sebule za watu ambao hawajawahi kukanyaga Unyamwezi. Ni heshima kubwa. Lakini msikilizaji wa redio hana miguu. Akichoshwa, manju haoni mgongo wake. Anayechuja anakuwa mtangazaji, mhariri, wakati mwingine sera ya nchi, na wimbo unajirekebisha kulingana na hao. Simlaumu mtu hapo. Kila mazingira yana wimbo wake. Nasema tu kuwa wasanii wa kompyuta wanaopeleka kazi zao kwenye intaneti wanapoteza kitu hichohicho na kubaki na idadi ya waliobonyeza.

Kuna mapokeo mengine ambayo Tabora, mkoa wa asali, hauwezi kuyaacha nje. Ukishuka stesheni ya Tabora utauziwa asali ya miombo kwenye chupa, na nyuma ya asali hiyo, mbali kidogo na mizinga ya magome, kuna ndege anayeitwa mlembe. Mlembe anajua nyuki walipo lakini hawezi kupasua mti. Binadamu ana shoka na moto lakini hajui mti ni upi. Wakaitana. Mwindaji anatoa sauti maalumu, ndege anaitika na kuongoza kutoka tawi hadi tawi, mtu anakula asali, ndege anakula nta. Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha mwaka 2023 utafiti uliolinganisha Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi na Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Wahadza wanamwita kwa mluzi, Wayao kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika kwa mguno. Walipopiga kanda za sauti hizo porini, mlembe wa Wahadza aliitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mguno wa Wayao, na mlembe wa Wayao aliupendelea mguno wa kwao. Ndege amejifunza lahaja ya majirani zake.

Mluzi wenyewe una sababu zake. Mhadza anayetafuta asali ni mwindaji pia, na mluzi hauwashtui wanyama kama sauti ya mtu. Myao anayepita pori la tembo na simba ana faida akijulikana kuwa ni mtu. Kwa hiyo sauti moja inachujwa na mnyama anayewindwa au anayeogopwa, na ndege anayeitika, na mtoto anayejifunza kutoka kwa baba yake kwa sababu sauti nyingine hazimpi asali. Mtu akibuni mlio mpya kwa ufundi, mlembe atamwacha anapiga peke yake. Katika kazi zote nilizozitaja hapa, hakuna inayojibizana na mazingira yake kwa ukamilifu kiasi hicho, na hakuna ambayo kosa lake linaadhibiwa haraka hivyo. Agostino Di Scipio wa Italia, ambaye tangu mwaka 2002 anatengeneza kazi ambamo maikrofoni na spika vinalishana sauti ya chumba chenyewe hadi chumba kinakuwa mpigaji, amekaribia. Lakini chumba chake hakina njaa.

Kama fundi wa sauti angetaka kujenga kazi ya namna hii Tabora, ningemshauri aanzie Kwihara, kwenye njia ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, chini ya miembe. Aweke masanduku mawili badala ya moja, umbali wa kuvuka barabara, kila moja na viumbe vyake na spika yake. Chakula kiwe cha jumla moja: mtu akihama kutoka hapa kwenda pale, shibe ihame naye. Kila sanduku lilisikie lingine, ili wimbo uweze kujibu wimbo. Itikio lirekodiwe kutoka kwa wapita njia, watoto wa shule na mama wanaotoka sokoni, na mashine isiruhusiwe kuligusa. Kasoro ziruhusiwe kwenye mstari wa mpandishi peke yake. Kizazi kilichoshindwa kisifutwe bali kihifadhiwe, na kirudishwe uwanjani mwaka unaofuata baada ya mavuno.

Hapo patabaki tatizo la Novemba. Mvua zikianza watu watakuwa mashambani, njia ya Kwihara itabaki na baiskeli mbili tatu kwa siku, na masanduku yote mawili yatakosa wa kuyalisha. Mhandisi atataka kuongeza chakula kwa mkono ili viumbe wasife kabla ya msimu. Manju atayafunika kwa turubai na kwenda kulima.